Kufundishwa kutembea kwa roboti baada ya kiharusi: mwongozo kwa mgonjwa na wanaomuuguza

Roboti ya kufundishia kutembea humfaa zaidi mgonjwa wa kiharusi ambaye bado hawezi kutembea bila kushikwa, na ambaye hajapitisha miezi mitatu tangu augue. Hilo ni la kufahamu kabla familia haijaanza kuchangishana fedha za kumpeleka mtu India au Ulaya, kwa sababu picha za video zinazosambazwa mitandaoni huonyesha mtu aliyevalishwa miguu ya chuma akitembea kwa madaha, na ndugu wanaotazama hudhani kwamba mashine ndiyo inayotibu. Mashine haitibu ubongo. Kazi yake ni kumwezesha mtu ambaye miguu haimbebi apige hatua nyingi zenye mpangilio unaokaribia ule wa kawaida, huku sehemu ya uzito wake ikibebwa, ili sehemu za ubongo zilizosalimika zipate mazoezi ya kutosha ya kuuongoza mguu upya.

Wingi huo wa hatua ndio sababu ya mashine kubuniwa. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vya Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mgonjwa wa kiharusi aliyekuwa akifundishwa kutembea alipiga wastani wa hatua 357 tu katika kipindi kimoja cha mazoezi. Sasa fikiria tredimili, yaani mashine yenye mkanda unaozunguka ambao mtu hutembea juu yake, inayokwenda kilomita 1.8 kwa saa, ambao ni mwendo wa pole sana: ni mita 30 kwa dakika, na kwa hatua ya sentimita 45 mgonjwa hupiga hatua 66 kila dakika, yaani zaidi ya 1,300 katika dakika 20. Kabla ya roboti, kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Mgonjwa alining'inizwa juu ya tredimili kwa mikanda, mtaalamu mmoja akachuchumaa pembeni akiunyanyua na kuushusha mguu uliopooza, na mwingine akasimama nyuma akiiongoza nyonga. Baada ya dakika chache waliochoka walikuwa wataalamu, si mgonjwa. Daktari Stefan Hesse wa Berlin na mhandisi Gery Colombo wa hospitali ya Balgrist mjini Zurich walishughulikia tatizo hilohilo kwa njia mbili tofauti mwishoni mwa miaka ya 1990, na mashine nyingi zilizopo leo zimefuata mojawapo ya njia zao.

Nani apandishwe, na lini

Utafiti unaostahili kukumbukwa na kila familia ulifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 155 ambao hawakuweza kutembea wenyewe waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata dakika 20 za mashine na dakika 25 za mazoezi tiba ya kawaida kila siku ya kazi kwa wiki nne. Kundi la pili lilipata dakika 45 za mazoezi tiba ya kawaida peke yake. Mwishoni, waliokuwa wakitembea wenyewe walikuwa 41 kati ya 77 katika kundi la kwanza, na 17 kati ya 78 katika la pili. Zingatia kwamba muda wa mazoezi ulikuwa sawa kwa wote, na kwamba waliofaulu zaidi hawakuachiwa mashine tu: zaidi ya nusu ya muda wao walikuwa mikononi mwa mtaalamu.

Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio 62 yenye washiriki 2,440, yalifikia hitimisho lenye mwelekeo huo. Mashine ikiambatana na mazoezi tiba huongeza uwezekano wa mgonjwa kuja kutembea bila kushikwa na mtu, na wanaonufaika zaidi ni walio katika miezi mitatu ya kwanza na wasioweza kutembea kabisa. Mapitio hayohayo yaliona ongezeko dogo tu la kasi ya kutembea, tena lenye ushahidi dhaifu, na hayakuona ongezeko katika umbali ambao mgonjwa huweza kwenda.

Kwa mgonjwa ambaye tayari anatembea, hata kama anatembea kwa kuchechemea na kwa fimbo, habari ni tofauti kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 63 waliokuwa na uwezo fulani wa kutembea: waliofundishwa kwa mikono ya wataalamu waliongeza kasi na umbali kuliko waliofundishwa na roboti. Mwaka 2020 wataalamu wa mazoezi tiba wa nchi hiyo walikwenda mbali zaidi katika mwongozo wao, wakashauri kwamba mtu aliyepitisha miezi sita na anayeweza kutembea asipewe roboti kwa lengo la kuongeza kasi au umbali, bali afundishwe kutembea kwa bidii ya kumpandisha mapigo ya moyo. Sababu yake haihitaji utaalamu mkubwa kuielewa. Mtu anayeweza kujibeba akibebwa, misuli yake hulegea na moyo wake haufanyi kazi. Anashuka kwenye mashine akiwa amesafiri nusu kilomita ambayo hakuitembea. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa aliyeugua miaka miwili iliyopita, na ambaye leo anakwenda hadi msikitini au kanisani kwa mkongojo, nawashauri fedha zao waziweke kwa mtaalamu mzuri wa karibu kuliko kwenye tiketi ya ndege.

Kuwahi nako kuna mpaka wake. Jaribio kubwa la kimataifa lililoitwa AVERT, lenye wagonjwa 2,104 na lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kumwinua kitandani na kumzoeza mgonjwa kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wake wa kupona vizuri. Siku za kwanza ni za kuokoa maisha, kudhibiti shinikizo la damu, kupima kama anameza bila kupaliwa, na kumgeuza kitandani asipate vidonda vya kulalia. Mashine husubiri hadi daktari aseme hali imetulia na mgonjwa aweze kukaa kitako pembezoni mwa kitanda.

Wapo pia ambao hawapaswi kupandishwa kabisa, au wasubiri kwanza. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na unaouma kwenye misuli ya nyuma ya muundi unaweza kuwa na donge la damu, na donge hilo likitikiswa huweza kwenda mapafuni. Mgonjwa huyo apimwe kabla ya hatua hata moja. Mfupa uliovunjika na haujaunga, mifupa iliyodhoofika sana, goti au kifundo cha mguu kilichojikunja kisichonyooka, kidonda kilicho wazi mahali ambapo mikanda hupita, moyo usiotulia na shinikizo linaloporomoka mgonjwa anaposimamishwa, vyote ni vizuizi. Mazoezi kwa ujumla hayaanzwi shinikizo la damu likiwa limezidi 200 kwa 110 wakati wa mapumziko, na vituo vingine huweka kiwango cha chini zaidi ya hicho. Kuna vizuizi vya vipimo vya mwili pia. Mashine iitwayo Lokomat, kwa mfano, haibebi mtu aliyezidi kilo 135, na paja la mtu mzima linatakiwa liwe kati ya sentimita 35 na 47 kutoka nyonga hadi goti. Pima urefu huo nyumbani na uutume kituoni kabla ya kulipa chochote, maana mtu mfupi sana anaweza kusafiri safari yote hiyo akaambiwa mashine haimtoshi.

Mashine utakazokutana nazo

Aina ya kwanza ni ile ya Zurich, yaani Lokomat na zinazofanana nayo. Mgonjwa huning'inizwa juu ya tredimili, na miguu yake hufungwa ndani ya fremu yenye injini kwenye nyonga na magoti. Kifundo cha mguu hakina injini. Vidole vya mguu huinuliwa na mkanda unaovutika ili visiburure. Aina ya pili ilitokana na kazi ya Berlin: hakuna fremu inayoshika paja wala goti, bali nyayo hufungwa kwenye vibao viwili vinavyozunguka kwa mpangilio wa hatua, na mgonjwa huning'inizwa vilevile. Mashine ya aina hii iitwayo G-EO huweza pia kuiga kupanda na kushuka ngazi. Kwa kuwa goti halishikwi na kitu, mgonjwa hulazimika kulidhibiti mwenyewe au mtaalamu alishike kwa mkono, na ugumu huo ni faida kwa anayeuweza.

Aina ya tatu ni roboti ya kuvaa, ambayo mgonjwa huingia nayo sakafuni akatembea mahali pa kweli. Ekso GT iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa wa kiharusi nchini Marekani mwaka 2016, chini ya usimamizi wa mtaalamu. HAL ya Japani husoma ishara dhaifu za umeme kwenye ngozi juu ya misuli, na kuongeza nguvu pale mgonjwa anapokusudia kusogea. ReStore, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019, imetengenezwa kwa kitambaa na nyaya zinazovuta kifundo cha mguu, na ni ya mtu ambaye tayari anatembea kidogo lakini unyayo wake unaning'inia. Msichague kituo kwa jina la mashine. Ulizeni mtaalamu atakayesimama pembeni ameshawafundisha kwa mashine hiyo wagonjwa wa aina gani, na baada ya kushuka kwenye mashine mgonjwa atapewa dakika ngapi za mazoezi ya sakafuni siku hiyohiyo. Kituo kisichoweza kujibu swali la pili kinauza mashine tu.

Maandalizi ya siku ya mazoezi

Mgonjwa ale chakula chepesi saa moja na nusu au mbili kabla, kwa sababu mikanda hubana tumbo, na mwenye kisukari apimwe sukari kabla ya kupanda. Dawa za shinikizo zimezwe kwa saa zake za kawaida. Mtaalamu aelezwe dawa zote anazotumia mgonjwa, na kwa msisitizo dawa za kuyeyusha damu, kwa kuwa mikanda huweza kumwachia michubuko ya damu, na dawa kama atenololi au bisoprololi, ambazo hupunguza mapigo ya moyo na kuyafanya yasiwe kipimo cha kuaminika cha bidii ya mgonjwa. Kwa anayezitumia, mtaalamu atamuuliza anahisi uzito wa kazi kwa kipimo cha 6 hadi 20, ambapo 6 ni kama amekaa tu na 20 ni mwisho wa uwezo wake. Aende haja kabla ya kufungwa. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake umwagwe na mpira ubandikwe upande wa tumbo, usipite chini ya mkanda.

Mavazi yana uzito wake, na wanawake wengi wa kwetu hushtuka siku ya kwanza kwa kukosa kuambiwa mapema. Fulana ya kunyanyulia hubana kiuno na kifua, na mikanda yake miwili hupita katikati ya mapaja. Gauni, kanga au baibui haviwezekani chini yake. Avae suruali laini iliyofika kifundoni, isiyo na mshono mnene kwenye kinena wala vifungo mfukoni, na juu fulana ndefu. Ushungi haudhuru, mradi uwe wa kuvutwa kichwani usio na pini wala ncha inayoning'inia. Akitaka afungwe na mtaalamu wa kike, aseme wakati wa kupanga miadi, si pale anaposimamishwa. Viatu viwe vya kufunika, soli bapa, kisigino kinachoshika, na namba yake kamili. Ndala hazipandi kwenye mashine.

Kipindi cha kwanza kinavyokwenda

Dakika 30 au zaidi za kipindi cha kwanza huishia kwenye kupima na kufunga, na familia zisione kwamba zimepunjwa. Mtaalamu hupima paja na muundi, hurekebisha urefu wa fremu, kisha humvalisha mgonjwa fulana ya kunyanyulia akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Kiti husukumwa hadi juu ya tredimili kupitia njia ya mteremko, ndoano za juu hushikizwa, na mgonjwa hunyanyuliwa taratibu hadi visigino vining'inie. Hapo wengi hushika pumzi, na wengine huogopa kweli. Ni vizuri ndugu mmoja asimame mbele, mahali anapoonekana, na shinikizo la damu lipimwe tena kabla ya kuendelea, maana ndipo huporomoka.

Baada ya hapo miguu hufungwa. Angalia kwa makini mkanda wa juu ya goti na ule wa chini yake: chini ya kila mkanda pawepo sifongo, nguo isijikunje, na kidole kimoja kipite kati ya mkanda na mguu. Mhimili wa injini ya goti ukae sambamba na goti lenyewe. Ukiwa juu au chini hata kwa sentimita mbili, fremu itavuta ngozi kila hatua, na kwa hatua elfu moja ngozi ya muundi itachubuka, tena upande wenye ganzi ambao mgonjwa hatasema kitu. Miguu huanza kuchezeshwa hewani, bila kugusa chini, ili mtaalamu aone kama misuli imekakamaa kiasi cha kupigana na injini. Ndipo mgonjwa hushushwa hadi nyayo ziguse mkanda unaotembea.

Kuanzia hapo kazi ni ya mgonjwa, na hapa ndipo vipindi vingi huharibika. Injini huupeleka mguu mbele apende asipende, kwa hiyo ni rahisi kuuachia ubebwe huku akitazama televisheni. Mtaalamu mzuri haachi kusema: "Mzee, huo mguu usiuache ubebwe. Ukanyage, uusukume nyuma. Haya, tena." Mashine nyingi zina skrini inayoonyesha kama mgonjwa anasaidia au anavutwa, kwa mstari unaopanda au mchezo wa kompyuta, na inafaa skrini hiyo itumike. Ila mgonjwa ambaye ubongo wake umeumia upande wa kulia mara nyingine hupuuza kila kilicho kushoto kwake, hata mkono wake mwenyewe, na kitu kikionyeshwa upande wa kushoto wa skrini hatakiona. Skrini isogezwe kulia mwanzoni, na akumbushwe kwa sauti na kwa kuguswa mguu wa kushoto. Aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo anaweza kuwa amepoteza lugha, na huyo maneno marefu humchanganya. Neno moja kwa kila tendo, lilelile kila siku, linatosha.

Kituo kikiwa ugenini, andikeni kwenye kadi maneno manane au kumi kwa Kiswahili na kwa lugha ya wataalamu wa pale, kama vile simama, kanyaga, sukuma, pole pole, inauma, kizunguzungu, pumzika, acha, na pembeni mwandike matamshi. Mgonjwa aliyebakiwa na maneno machache hubakiwa na ya lugha aliyokulia, na kumtaka ajue kusema mkanda unamkata kwa Kiingereza ni kumtesa.

Mkono uliopooza nao usisahaulike wakati wa kunyanyuliwa. Bega la upande huo mara nyingi limelegea kwenye kiungo chake, na mtu akivutwa kwa mkono huo hupata maumivu ya miezi. Mkono ufungwe kwenye kitambaa au uwekwe juu ya mhimili wa pembeni, na mtu yeyote asimshike kwapani.

Vitu vitatu vinavyopunguzwa

Mashine ya aina ya kwanza ina marekebisho matatu ambayo familia inapaswa kuyajua na kuyaandika kila siku: kiasi cha uzito kinachobebwa, nguvu ya injini katika kuuongoza mguu, na kasi. Tuchukue mgonjwa wa kilo 70. Siku ya kwanza mashine ikibeba asilimia 40, yaani kilo 28, miguu yake itabeba kilo 42, na injini zitaongoza hatua kwa asilimia 100. Kadiri siku zinavyokwenda, kilo 28 zinatakiwa ziwe 20, kisha 14, kisha chache zaidi. Nguvu ya injini ishuke kuanzia upande ulio mzima, halafu upande uliopooza. Na kasi ipande kutoka kilomita 1.2 au 1.5 kwa saa kuelekea 2 na zaidi. Lokomat hufika 3.2.

Kirekebishwe kimoja kwa wakati mmoja. Akipunguziwa msaada wa uzito na kuongezewa kasi siku moja, goti likianza kukunjika hakuna atakayejua sababu ni ipi. Dalili kwamba amepunguziwa kupita kiasi ni goti kukunjika au kurudi nyuma kwa kishindo, nyonga kuinuliwa ili mguu upite, vidole kukwaruza mkanda, na mgonjwa kushindwa kumaliza sentensi kwa kuhema. Dalili kwamba hajapunguziwa vya kutosha ni nyepesi kuliko hizo na hupita bila kutajwa: hatoki jasho, anapiga soga kwa raha, na namba kwenye karatasi ni zilezile za juma lililopita. Familia inayolipia vipindi 20 na kukuta kwenye kipindi cha 15 mgonjwa bado anabebwa asilimia 40 na kuongozwa asilimia 100 ina haki ya kuuliza kwa nini, na jibu lisiwe kwamba mashine imemzoea hivyo. Yanaweza kuwapo majibu ya haki, kama homa ya katikati au misuli iliyokakamaa inayosubiri sindano ya kulegeza, lakini jibu liwepo.

Nionavyo mimi, namba inayopotosha familia kuliko zote ni ile ya kilomita inayotokea kwenye skrini mwishoni, na ndiyo inayopigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hiyo ni kazi ya tredimili. Kipimo cha mgonjwa hupatikana sakafuni, na chaweza kufanywa hata varandani. Pima mita 10 kwenye sakafu tambarare, acha mita mbili kabla ya alama ya mwanzo na mbili baada ya alama ya mwisho, atembee kwa kawaida yake akiwa na fimbo yake ikihitajika, na saa ihesabu kati ya alama mbili tu, huku mtu akitembea nyuma yake kidogo upande uliopooza. Sekunde 25 ni sawa na mita 0.4 kwa sekunde, na chini ya kasi hiyo mtu kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba. Sekunde 12.5 ni mita 0.8 kwa sekunde, na anayevuka kiwango hicho kwa kawaida hujimudu mtaani. Asiyeweza kutembea bado hapimwi kwa saa, bali kwa kiasi cha msaada: wataalamu hutumia ngazi sita kuanzia 0, ambaye hawezi kabisa au huhitaji watu wawili, hadi 5, anayejitembelea popote pamoja na ngazini. Kutoka 1 kwenda 3 kwa mwezi, yaani kutoka kubebwa na mtu hadi kutembea akiangaliwa tu bila kuguswa, ni maendeleo makubwa kuliko kilomita yoyote ya skrini.

Baada ya kushushwa, mgonjwa akae, apimwe shinikizo, kisha avuliwe suruali mahali pa faragha na ngozi ikaguliwe: miundi, mapaja, kinena na kiuno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa mgongo wa mkono kutafuta joto na ugumu, na linganisha na upande wa pili. Palipochubuka pasipandishwe tena hadi pafunge.

Kushuka kwenye mashine kwa moja kwa moja

Siku mgonjwa anapoweza kutembea sakafuni mita kumi akiangaliwa tu, muda wa mashine uanze kupungua na nafasi yake ichukuliwe na mazoezi ya ardhini: kugeuka, kurudi nyuma, kupita mlango mwembamba, kuvuka kizingiti, kutembea kwenye mchanga na changarawe, kubeba kikombe. Mashine haijui kugeuka. Haina kizingiti wala mbuzi anayekatiza njia, na mtu aliyezoea kushikiliwa kwa juu hajajifunza kuokoa mwili wake unapoyumba.

Kwa familia zisizoweza kufika kwenye roboti, ambazo ndizo nyingi, kuna matokeo ya kutia moyo. Jaribio la Marekani lililoitwa LEAPS, la mwaka 2011 na lenye washiriki 408, lililinganisha mafunzo ya kutembea juu ya tredimili huku uzito ukibebwa na mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba yaliyofanyiwa nyumbani kwa kusimamiwa na mtaalamu. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja katika kutembea, na makundi hayakutofautiana. Lakini lisomwe pamoja na jaribio la India la ATTEND lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 1,250, ambamo ndugu za kundi moja la wagonjwa walifundishwa kuwazoeza wenyewe: hapakuwa na faida ya ziada. Nyumba inaweza kuchukua nafasi ya mashine. Ndugu hawachukui nafasi ya mtaalamu. Mtaalamu aje, au mgonjwa apelekwe kwake, mara kadhaa kwa juma, na katikati ya ziara hizo ndugu wasimamie kile alichokiagiza, kwa mfano kunyanyuka kitini bila kujivuta kwa mkono, mara kumi, apumzike, mara kumi tena, na kutembea kando ya ukuta akishika upande ulio mzima.

Anayerudi kutoka ng'ambo asiondoke kituoni bila karatasi yenye namba za kipindi cha kwanza na cha mwisho, vipimo vya mita 10, ngazi ya kutembea, dawa za kulegeza misuli na tarehe zake. Kabla ya kupanda ndege aulize daktari kuhusu hatari ya donge la damu miguuni, na safarini asogeze vifundo na ainuke kila inapowezekana. Ikiwa unyayo wake bado unaning'inia, atahitaji kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, na hicho si lazima kinunuliwe nje: chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha mafundi wa vifaa hivyo tangu miaka ya 1980, na waliosoma pale wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Kifaa kipimwe juu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, kivaliwe na soksi ndefu ndani ya kiatu kilichozidi namba kidogo, na mwanzoni kivaliwe saa moja au mbili kwa siku. Kikiacha alama yenye joto isiyoondoka ndani ya nusu saa baada ya kuvuliwa, kirudishwe kwa fundi akirekebishe, wala kisitiwe pamba na kuendelea kuvaliwa.